Jina Lililonyonywa na Bwawa

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Amuge kilikataa kukauka.

Alikifuta kwa leso, akakipaka mafuta, akakianika juani pale dirishani ofisini, lakini wapi! Vidole vingine vyote vilikuwa sawa, laini, vya mtu wa kompyuta. Hicho kimoja tu kilikuwa kimekunjamana na kuwa cheupe nchani, kama cha mtu aliyeshinda mtoni akifua mablanketi. Mercyline wa mapokezi alikiona alipomletea chai, akaangua kicheko.

"Dada, hiyo ni nini sasa? Umeanza kufulia watu nguo?"

"Ni hii sabuni ya choo chenu," Amuge alisema, akakificha kidole chini ya meza.

Tangu asubuhi hakuwa amegusa maji. Na alijua fika kilianza siku gani. Kilianza siku ile ya uzinduzi wa bwawa.

Hilo bwawa, tuseme ukweli, halikuwa bwawa. Lilikuwa timbo. Kampuni ya Mpaka Mawe ilikuja na mashine zake kijijini Kamurungi, nyuma kidogo ya Malaba, ikachimba mawe na changarawe za kujengea yadi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Ilichimba mpaka kilima kikageuka shimo. Kibali kilisema wazi kwamba ukimaliza kuchimba, unafukia. Kampuni ilimaliza kuchimba, ikang'oa uzio wake, ikaenda zake kuchimba pengine, na mvua ikafanya kazi iliyobaki. Shimo likajaa maji mekundu, mazito, yasiyoonyesha chini.

Elungat, mtoto wa mama mmoja anayeitwa Atyang, alimfuata mbuzi wake pale adhuhuri moja. Mbuzi alirudi nyumbani.

Kampuni ilitoa jeneza, mchele na hema. Ilituma na shada la maua lenye nembo yake, mtu asije akasahau ni nani amehuzunika. Amuge ndiye aliyelibeba, maana ndiye aliyekuwa afisa wa huduma kwa jamii, na ndiye Mteso pekee aliyekuwa na ofisi pale juu. Lakini maua hayakuwanyamazisha watu. Walianza kutaja mahakama. Hapo ndipo meneja mkuu, Bwana Zephaniah, alipomwita.

"Kufukia ni hasara tupu," Zephaniah alisema. Alikuwa mtu wa sauti tamu, asiyejua kukasirika. "Ule udongo tumeshauza. Nianze kuununua tena niumwage shimoni? Hapana. Tuweke samaki. Tuliite bwawa la jamii. Tena tulipe jina la yule mtoto, familia nayo ipate heshima. Hiyo ndiyo CSR, huduma kwa jamii, Amuge. Nyinyi Wateso mnapeanaje majina? Nataka kitu cha kimila, kitu cha kupigwa picha."

Amuge angeweza kusema hajui. Wangapi ofisini hawajui mila zao na wanalala usingizi mzuri? Lakini alikuwa mtu wa mkataba, mkataba unaofanywa upya kila mwaka kwa kuombaomba, na Zephaniah alikuwa ameshamdokezea kwamba anatafuta mkuu wa idara. Basi akamwambia. Na hili ni kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya, hata angependa. Lilitaka mtu wa nyumbani.

Alimweleza kwamba mtoto akizaliwa, bibi huchovya kidole katika pombe ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya waliokufa wa ukoo, moja moja. Mtoto akigeuza uso, jina amelikataa. Akinyonya, amelikubali, na yule marehemu mwenye jina amerudi nyumbani, amepata pa kukaa. Yeye mwenyewe alipewa jina lake hivyo. Mama yake, ambaye aliishi naye Malaba, hakuchoka kusimulia jinsi alivyonyonya kidole kwa nguvu mpaka bibi akapiga kelele.

"Safi kabisa!" Zephaniah alisema. "Tutafanya hivyo hivyo. Wewe ndiye bibi."

Siku ya uzinduzi palikuwa na hema, spika kubwa, na vijana wa fulana za kampuni. Atyang aliletwa na gari la kampuni, tumbo kubwa, miezi yake imetimia, akakalishwa mbele kama mgeni wa heshima. Bango lilifunuliwa: BWAWA LA ELUNGAT, na chini yake nembo, kubwa kuliko jina. Vifaranga vya samaki vikamwagwa. Kisha Amuge, amevaa kitenge kilichonunuliwa na ofisi, alipiga magoti ukingoni, akachovya kidole katika kibuyu cha pombe, akakitia majini na kusema kwa sauti ya kusikika kwenye maikrofoni, "Elungat."

Maji yalinyonya.

Hakuna neno lingine. Kidole chake kiliingia katika kitu cha uvuguvugu, chenye ufizi laini usio na meno, kikavutwa taratibu, mara moja, mara ya pili, kama mtoto anavyovuta ziwa. Alikichomoa haraka. Nyuma yake mama mmoja mzee alishika mdomo, na Atyang alikuwa amesimama, mkono tumboni, akimtazama kwa macho ambayo Amuge hakutaka kuyaona. Halafu Atyang aligeuka akaenda nyumbani kwa miguu.

"Madam, rudia kidogo," mpiga picha alisema. "Sikuipata vizuri."

Na Amuge, Mungu amsamehe, alirudia.

* * *

Baada ya kidole ilikuja harufu. Mchana, jua likishika utosi, ofisi ilinuka matope, matope mabichi yaliyochanganyika na maziwa yaliyochacha, ile harufu ya shingo ya mtoto ambaye hajaogeshwa. Mercyline alifungua madirisha akalaumu mtaro. Amuge alinusa kwapa zake, nguo zake, nywele zake. Ilikuwa kwenye kidole.

Kisha sinki la jikoni pale ofisini likaanza kunyonya. Hakuna aliyefungua bomba. Alikuwa anasuuza kikombe, akakiweka chini, na katika tundu la sinki akasikia mvuto mdogo, wa taratibu, wenye kupumzika na kuanza tena. Alisimama pale akisikiliza. Mvuto ukaacha. Kisha kutoka ndani kabisa, chini ya nyumba, chini ya barabara, sauti ndogo iliyojaa maji ikaita, "Toto."

Toto, kwa Kiteso, ni mama. Amuge hakuwa na mtoto. Alikiacha kikombe pale, na tangu siku hiyo chai alikunywa kwa mama mboga nje ya geti.

Echodu ndiye aliyempigia simu. Huyu alikuwa mlinzi wa bwawa, mzee wa makamo, mtu wa mzaha na vicheko, lakini siku hiyo alinong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

"Madam, njoo uone samaki."

"Wamekufa?"

"Njoo uone tu. Lakini usije adhuhuri. Adhuhuri mimi hukaa barabarani."

Alikwenda, na kwa sababu ya mkutano uliochelewa alifika adhuhuri hasa. Echodu alikuwa barabarani kweli, ameketi juu ya jiwe, rungu mapajani. Alikataa katakata kushuka. Alimwonyesha kwa mkono samaki aliowaopoa na kuwatandaza kwenye nyasi. Ngege wakubwa, waliokua upesi kuliko kawaida, lakini ukiwainua hakuna kitu. Ngozi na magamba tu, macho yametumbukia ndani, nyama yote imefyonzwa kupitia mdomoni.

"Mbuzi wa kwa kina Ilukor naye alikuja kunywa," Echodu alinong'ona. "Nilimwona akiinamisha kichwa. Hakukiinua tena. Hakupiga hata kelele, madam. Alikuwa akivutwa polepole, miguu ya nyuma inakwaruza, na mimi niko pale, nashindwa hata kuita."

"Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe. Si wewe ndiye mama yake?"

Amuge alishuka peke yake, labda kwa sababu aliona aibu kumwogopa mtoto, labda kwa sababu kidole kilikuwa kimeanza kumvuta kwa mbele kama kamba iliyofungwa mahali. Hapakuwa na upepo. Ndege hawakulia, panzi hawakulia, hata malori ya barabara kuu hayakusikika, na kadiri alivyokaribia ndivyo ile harufu ya matope na maziwa ilivyomzidi, ikamjaa puani, ikamjaa kooni, mpaka akajikuta amesimama ukingoni bila kukumbuka hatua za mwisho, akitazama maji mekundu yaliyotulia tuli, na katikati ya ule utulivu maji yakaanza kukunjamana taratibu kama midomo inayotafuta kitu, yakakunjamana na kufunguka, yakakunjamana na kufunguka, na kila yalipofunguka sauti ile ilitoka, si ya kulia, si ya hasira, bali ya njaa tupu, njaa ya kitu kilichozaliwa juzi kisichojua kwamba kuna kushiba, ikimwita yeye na si mtu mwingine, "Toto, toto, toto," mpaka Echodu alipopiga yowe kule juu na yeye akagundua maji yamemfika magotini.

* * *

Siku chache baadaye Atyang alikuja getini kwa kampuni na kichanga mgongoni. Walinzi walimzuia. Alikaa chini kwenye vumbi la malori, akakaa tu, mpaka Amuge alipotoka.

Amuge aliona kwanza ukimya. Mtoto wa umri ule hulia. Huyu alikuwa macho wazi, ngozi imelegea mashavuni, mdomo umefumbwa kwa nguvu kama ngumi.

"Wamemtajia kila mtu," Atyang alisema. Sauti yake haikupanda. "Babu zake wote. Wajomba. Hata wa upande wa Uganda. Anageuza uso. Ziwa nalo analikataa. Namkamulia kwa kijiko, anatema. Mama mkwe alipomtajia Elungat, mtoto alifungua mdomo akaanza kunyonya, halafu akaacha, akalia kama aliyenyang'anywa. Unajua kwa nini?"

Amuge alijua.

"Jina liko kule kwenye shimo," Atyang akasema. "Mwanangu alikuwa anarudi nyumbani. Alikuwa njiani, Amuge. Nilikuwa nimembeba! Wewe ukampa maji jina lake ili bosi wako apigwe picha. Sitaki kesi tena. Sitaki mchele. Nirudishie jina la mtoto wangu, huyu asije akafa."

Amuge alilia hadharani, mbele ya walinzi na madereva. Alipanda juu na macho yake mekundu, akaingia kwa Zephaniah bila kubisha hodi, akamwambia yote, kidole na sinki na samaki na kichanga. Zephaniah alisikiliza kwa upole. Hakumcheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba yule bwana alimwamini.

"Nimekaa nchi hii ya mpakani miaka mingi," alisema. "Mambo haya yapo. Lakini Amuge, ile tuzo ya CSR tunayoiwania ni wiki ijayo. Majaji wa Nairobi wanakuja kuona bwawa kwa macho yao. Nikiondoa bango sasa, nitawaambia nini?"

"Tufukie shimo, bosi. Tufukie tu, kama kibali kilivyosema."

"Tufukie mradi wetu bora?" Alifikiri kidogo. "Mpelekee yule mama maziwa ya kopo. Yale mazuri. Na upige picha."

Amuge alitoka akaenda kwa Omuse. Usidhani huyo alikuwa na ngozi ya chui na pembe za swala. Omuse alikuwa na duka la dawa za mifugo sokoni Malaba, na Jumapili aliimba besi kanisani. Lakini watu wa mpakani walijua kwamba ukizunguka nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, anasikiliza na mambo mengine. Alikishika kidole cha Amuge, akakinusa, akakiachia upesi.

"Ndani ya lile shimo hapakuwa na mtu," alisema. "Palikuwa na kitu. Mahali popote pakichimbwa kina hivyo, kisha pakaachwa wazi, kitu huingia kukaa. Jini, pepo, wewe kiite unavyotaka. Kilikuwa hakina jina, kwa hivyo hakikuwa na mdomo. Kilimla yule mtoto kwa bahati mbaya, kama shimo linavyokula. Sasa mmekipa jina, mmekipa na mama. Kitakula kwa makusudi."

"Dawa yake ni nini, mzee?"

"Udongo."

"Wamekataa."

"Basi usinisumbue mimi. Nenda kamsumbue aliyeuza udongo." Lakini alipoona haondoki alilainika. "Sikiza, binti. Aliyetoa jina ndiye anayeweza kulichukua, mahali pale pale, mbele ya watu. Lakini mtoto hanyang'anywi ziwa mdomoni hivi hivi. Lazima umpe jingine la kunyonya. Na huwezi kutoa jina la mtu. Unatoa lililo lako."

"Lililo langu ni lipi?"

Omuse alianza kupanga chupa zake za dawa ya kupe.

* * *

Majaji walikuja adhuhuri, kwa sababu walichelewa Busia kwa chakula. Hema lilikuwa lile lile. Zephaniah alikuwa amevaa fulana ya kampuni ili aonekane mtu wa watu, na Echodu alikuwa ameagizwa kutupa ngozi za samaki mbali. Samaki wa kuonyeshwa walinunuliwa sokoni, wakawekwa kwenye karai. Atyang alikaa nyuma ya hema, hakualikwa, kichanga kimelala mapajani pake kama kitambaa. Pumzi yake ilikuwa ya kuhesabika. Mama mkwe alikuwa ameshaacha kumtafutia kijiko.

"Na sasa," Zephaniah alisema kwenye maikrofoni, "afisa wetu atatuonyesha ile mila nzuri ya jamii yetu."

Amuge alipiga magoti. Alichovya kidole kibuyuni kwa haraka hata pombe ikamwagika kwenye nyasi. Alitia kidole majini, na ufizi ule ukakipokea pale pale, kwa pupa, ukiwa sasa na vijino vidogo vinavyochomoza.

"Elungat si jina lako," alisema kwa Kiteso, chini chini. "Nililiiba. Mwenyewe anasubiri kwao. Liache, nikupe jingine."

Maji yakatulia. Yalikuwa yanasikiliza. Na Amuge, ambaye maneno ya Omuse aliyasikia vizuri sana, alijaribu kuyakwepa, kama ambavyo mimi na wewe tungejaribu.

"Mpaka Mawe," alisema. Maji yaligeuza uso.

"Zephaniah," alisema, kwa sauti sasa, na chini ya hema watu wakatazamana. Maji yalikitema kidole kwa nguvu hata matope yakamrukia usoni. Hata shimo lililikataa jina lile.

"Amuge! Unafanya nini?" Zephaniah alinong'ona pembeni, tabasamu bado limebandikwa. "Maliza tu. Kamera zinaona."

Nyuma ya hema Atyang alipiga ukelele mmoja mfupi. Kichanga kilikuwa kimeacha kuvuta pumzi. Amuge alisikia, na hapo hofu yote aliyokuwa nayo ikageuka kitu kimoja tu, aibu, aibu kali kuliko hofu, na akakirudisha kidole majini, akakirudisha na mkono wote, mpaka kiwiko, mpaka kwapa, shavu lake likagusa ule uso mwekundu wa maji ulionuka matope na maziwa, akafumba macho akamfikiria bibi ambaye sura yake hakuijua, aliyetia kidole mdomoni mwake siku ile na kupiga kelele kwa furaha, na jina ambalo mama yake alimwita nalo asubuhi ya kila siku ya maisha yake, la kumwamsha, la kumkemea, la kumpa chakula, akalitoa lote, akasema, "Amuge," na maji yakanyonya, yakanyonya kwa muda mrefu kama kitu ambacho hakijawahi kushibishwa, yakivuta kutoka bega, kutoka kifua, kutoka mahali ambapo mtu huitikia anapoitwa, mpaka pale mahali pakawa patupu.

Kichanga kililia.

Kililia kwa nguvu, kwa hasira, kama mtoto mzima. Atyang alikimbia naye hadi ukingoni, akachovya kidole katika pombe iliyomwagika kwenye nyasi, hakungoja bibi wala mtu yeyote, akakitia mdomoni mwa mwanawe, akasema, "Elungat." Kisha akakaa chini pale pale akampa ziwa, na hakuna aliyethubutu kumpiga picha.

Majaji walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

* * *

Kampuni ya Mpaka Mawe ilipata tuzo. Kioo kikubwa, kinachong'aa, kimewekwa mapokezi. Bango la bwawa lilipakwa upya, maana Atyang na ukoo wake walikuja na mapanga kuling'oa jina la mtoto wao na Zephaniah hakutaka fujo. Alimwuliza Mercyline waandike jina gani sasa. Mercyline alifikiri, akasema kuna jina moja linamjia tu kichwani siku hizi, hajui limetoka wapi. Ni jina zuri la kienyeji. Basi wakaliandika: BWAWA LA AMUGE. Kule Matayos kampuni imeanza timbo jingine, na mkuu mpya wa idara ya huduma kwa jamii ameshatumwa kuulizia watu wa huko wana mila gani.

Yule mwanamke aliendelea kuja ofisini kwa siku kadhaa. Mlinzi alimwuliza, "Wewe ni nani, mama? Unamtaka nani?" Alifungua mdomo kujibu, hakukuwa na kitu cha kusema. Kitambulisho kilikuwa mkobani. Alikitoa, mlinzi akakisoma, akatazama picha, akamtazama yeye, akakirudisha akitikisa kichwa. "Huyu si wewe. Amuge yuko kule bwawani." Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayekueleza njia, kisha akashtuka na kukuna kichwa, asijue kwa nini amesema.

Alirudi nyumbani kwa mama yake. Mama, aliyeanza kupoteza macho lakini si masikio, alikuwa jikoni, ugali umeshaiva, sahani mbili zimewekwa. Binti alisimama mlangoni. Alitaka kusema, mama, ni mimi.

"Karibu, dada," mama alisema kwa heshima, akisikia nyayo. "Unatafuta nani? Ngoja nimwite msichana wangu akusaidie."

Akageuza uso kuelekea dirisha la nyuma, upande wa kilima kilichochimbwa, akaita kama alivyoita kila jioni.

"Amuge!"

Na kutoka nyuma ya nyumba, karibu kabisa, pale kwenye pipa la maji ya mvua, kitu kikaitika, "Toto," kwa sauti iliyoanza kukomaa.

Uso wa mama uling'aa. "Huyo, ameshafika," alimwambia mgeni, akaenda kufungua mlango.